Majina ya Kupanga

Habari ya kifo cha Bakoko Atumani ilinikuta kwenye foleni ya duka la dawa hapa Mombasa. Ilikuja katika kundi la simu ambalo siku hizi ndilo pekee lililosalia la jukwaa letu la zamani la mtandaoni. Mtu aliandika mstari mmoja, akaweka picha ya mzee amevaa kofia ya kudarizi na miwani yake iliyofungwa kamba, na chini yake rambirambi zikaanza kumiminika, kutoka Moroni, Marseille, Réunion, Mahajanga. Nilizisoma huku nikisogea hatua moja moja na foleni, na nilipofika dirishani nilikuwa nimesahau nimefuata dawa gani. Sikulia. Nilishikwa na hamu ya kukumbuka kila kitu kwa mpangilio, nani alisema nini na nani alimjibu, maana mimi ndivyo nilivyo, na mwaka ninaotaka kuusimulia ndio ulionifundisha madhara ya kuwa hivyo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza mafunzo ya kompyuta Mahajanga, na nilivuka kwenda kisiwa cha Nosy Be kwa sababu mzee mmoja wa Hell-Ville, mji wake mkuu, alihitaji mtu wa kuendesha saiba yake. Mambo ya kwetu nyumbani yana mahali pake pengine. Hapa yatosha kusema nilikwenda na sanduku moja na udadisi mwingi kuliko adabu. Saiba ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mzee huyo: kompyuta nne zilizotengwa kwa mbao nyembamba, feni iliyogeukia upande mmoja tu, na dirisha lililoingiza harufu ya mlangilangi kila watu wa kiwanda cha manukato walipokuwa wakichemsha maua. Mbao zile hazikuzuia sauti. Nikiwa mezani kwangu nilimsikia mama mmoja akimwandikia mwanawe Marseille, akitamka kila herufi kabla ya kuibonyeza, na mwongoza watalii akijizoeza kwa mnong'ono kuomba radhi kwa Kiitaliano. Saa sita tulirudisha mlango tukala kibarazani nyuma. Mke wa mzee alituwekea wali, samaki wa nazi na achari ya embe, lakini mwenyewe hakukaa nasi, kwa kuwa, alisema, hakuona raha kusikiliza habari za watu asiowajua sura.

Nilimwita Bakoko, yaani babu kwa Kikomoro, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yangu sasa, lakini msomaji asidhani tuliongea hivi. Tulichanganya Kimalagasi cha kaskazini-magharibi na Kifaransa, na Kikomoro alipotaka kunikanya. Kiswahili kwetu kilibaki katika maneno machache ya dini, ya biashara na ya bahari, kama vyombo vya urithi ambavyo hutolewa wakiwepo wageni.

Habari za watu asiowajua sura zilikuwa habari za jukwaa. Bakoko alikuwa ameajiriwa posta Mahajanga ujana wake wote, mpaka zile siku mbaya za miaka ya sabini, watu wenye asili ya Komoro waliposhambuliwa mitaani, nyumba zikachomwa, na maelfu ya walionusurika wakapelekwa visiwani kwa meli na ndege. Yeye alikimbilia Nosy Be na hakurudi tena kuishi bara. Alipostaafu alijifundisha kompyuta kwa kitabu cha kuazima, kisha akafungua mtandaoni mahali pa kuzungumza, akapaita Bord, kama watu wa Mahajanga wanavyoiita barabara ya ufukweni wanakotembea jioni na kula mishikaki. Waliokuja walikuwa wa kila namna, waliofukuzwa na waliobaki, Wakomoro na Wamalagasi, Waislamu na Wakristo. Kila mmoja alijiita jina la kupanga. Sheria ya kwanza aliiandika juu kabisa kwa herufi nyekundu: hapa hatuulizani jina, wala la baba. Ujumbe wa zamani ulikaa juu na mpya chini, kwa hiyo aliyeingia leo ilimpasa kusoma tangu mwanzo, na wengi walifanya hivyo kweli, kwa miezi.

Uzi wa mazungumzo uliosomwa kuliko wote ulihusu chakula. Uliendeshwa hasa na watu wawili, Achari na Bomba. Achari alikuwa mwanamke wa Moroni, hilo alilisema mwenyewe. Bomba alikuwa mwanamume wa Mahajanga. Kwa karibu miaka mitatu hawakupitisha siku bila kuandikiana: vipi mokary, wale ndugu wa vitumbua vyetu, hukataa kuumuka siku za mvua, embe gani hufaa kwa achari na embe gani hudanganya, samaki gani aliuzwa pale kivuko cha Katsepy kilipofika asubuhi. Achari alikuwa mkali, Bomba mpole. Nilizoea kufungua uzi huo kabla ya kufagia. Nilitaka kujua wana umri gani, kama wana wenzi wao, kama hawajapendana bila kujijua. Nilimuuliza Bakoko.

"Sijui," alisema.

"Lakini wewe ndiye mwenye jukwaa. Kuna ukurasa wa wasimamizi, kila aliyejiandikisha ameacha jina lake na anwani."

"Upo. Nilikaa posta miaka mingi, mwanangu. Barua za watu zilipita mikononi mwangu, na sikufungua hata moja. Ukurasa ule nao usiufungue."

Nilidhani ni ushamba wa wazee. Niliposikia, katikati ya mwaka, kwamba kampuni iliyotupa nafasi ya bure mtandaoni ingeifunga huduma hiyo, nilifurahi kwa siri, kwa sababu sasa tulilazimika kuhama, na anayehama hapati sababu ya kubeba kila takataka. Nilijenga jukwaa jipya kwa wiki nne. Lilikuwa zuri, hata leo nasema hivyo. Lilipokea picha. Ujumbe mpya ulikaa juu. Na kila mtu angeandika kwa jina lake halisi, kwa sababu niliamini kwamba watu waliopotezana wangeonana upesi zaidi wakiacha kujificha. Bakoko aliliangalia kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. "Wewe ndiye unayezijua mashine," alisema. "Waulize."

Sikuwauliza. Niliwatangazia. Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika chache, kutoka kwa mzee mmoja aliyejiita Kobazi, ambaye kwa kawaida aliandika habari za mpira: "Nimeingia nikakuta mlango umehamishiwa jikoni. Mnirudishie mlango." Mwingine alisema rangi ya buluu inamuumiza macho. Mwingine alitaka kujua ni nani aliyewahi kusimulia hadithi akianzia mwisho, na kwa nini tunawalazimisha watu wazima kusoma kinyumenyume. Yalipofikiwa majina, mzaha uliisha. Waliandika hata wale ambao hawakuwahi kuandika. Mama mmoja alisema akilazimishwa kutaja jina lake ataondoka na hatatafutwa. Kundi la Marseille likatangaza kwamba litafungua jukwaa lake. Nami nilijibu kila mmoja, kwa urefu, kwa hoja, nikiwaeleza faida. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyokasirika, na sikuelewa, kwa sababu kila nilichosema kilikuwa kweli.

Bomba peke yake hakubishana. Kila asubuhi aliandika neno moja, "Sikubali," halafu akahamia kwenye uzi wa chakula na kumuuliza Achari hali ya bizari. Achari naye alimwandikia: "Safari hii nipo upande wako, Bomba. Tumezungumza vizuri bila majina." Neno lile la kila siku lilinisumbua kuliko matusi. Hoja ningeweza kuijibu, lakini yeye hakunipa hoja. Mchana mmoja, Bakoko amekwenda msikitini, nilifungua ukurasa ambao alinikataza. Bomba alikuwa ameandika jina la Justin, pamoja na jina la ukoo ambalo silitaji hapa, na kwenye nafasi ya anwani: Mangarivotra, Mahajanga, nyuma ya bomba la maji la mtaa.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa ya kwenda Mahajanga kwa sikukuu. Ni safari ya siku mbili, mashua kisha gari, na njia nzima nilipanga maneno ya kumshawishi. Mangarivotra naijua, bomba lenyewe nililikuta limekauka, vijana wameligeuza mahali pa kuegesha pousse-pousse zao, vile vigari vya kuvuta abiria. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya bati yenye kibaraza cha saruji, na mwanamume wa miaka kama sitini ameketi akitengeneza redio. Nilimwamkia, nikamwambia jina langu na kwamba natoka Nosy Be, kwa Atumani wa Bord. Hakuonekana kushtuka. Aliniingiza ndani, akaniwekea kiti karibu na mlango, akamimina kahawa na kuvuta sahani ya mokary iliyofunikwa kitambaa.

"Hizi nimezipika mimi," alisema. "Kwa maelekezo ya Achari. Kabla yake zilikuwa zinanitoka ngumu."

Nilikula moja, nikaanza hotuba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimemaliza, kisha akaniambia kwamba wakati wa ujana wake yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba lile. Alilifungua asubuhi na alasiri, na wanawake wa mtaa walipanga foleni mbele ya mlango huu, nusu yao Wakomoro.

"Mwaka wa kwanza wa jukwaa," alisema, "Achari aliandika kwamba mama yake alimfundisha kutia majani ya mlimau kwenye ndoo ili maji yasimwagike njiani. Katika foleni yangu kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyetia majani ya mlimau. Nilimjua tangu siku hiyo, lakini yeye hanijui."

"Si ungemwambia? Angefurahi."

"Siku ile ya fujo alikuja mbio na mdogo wake wa kiume, na watoto wawili. Alibisha mlango huu. Aliniita kwa jina. Nilikuwa nimeketi hapo ulipoketi wewe."

Nilikiweka chini kikombe cha kahawa.

"Nilijisemea, akibisha mara nyingine nitafungua," Justin alisema. "Hakubisha mara nyingine. Yeye na watoto walipata pa kujificha mbele huko. Yule kijana hakupona. Alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa akinisaidia kufunga bomba jioni, kwa kupenda tu."

Nje vijana walikuwa wanabishana zamu ya abiria. Nakumbuka nilitazama kitasa cha mlango, cha chuma, kimechakaa upande wa vidole, nikajiuliza kama ndicho kile kile, na nikajionea aibu kwa kujiuliza hivyo.

"Sasa umejua," alisema. "Na mimi nikuulize. Nyumba yangu umeijuaje?"

Nilimwambia ukweli kuhusu ule ukurasa. Hakupandisha sauti. Alifunika mokary zilizobaki, akakunja kitambaa vizuri pembeni, akasema, "Basi jina langu limeshatoka, hata kabla ya jukwaa lako jipya."

Nilirudi Hell-Ville na nikamweleza Bakoko siku ya kwanza, kibarazani, wali ukipoa. Niliyaeleza yangu, ya Justin sikuyasema, nilisema tu kwamba ana sababu na sababu yake ni nzito. Bakoko alinawa mikono kabla ya kumaliza kula. Kwa Kikomoro aliniambia, "Ningekukataza kuiba ungenielewa. Nimekukataza kutazama, ukaona ni jambo dogo." Alibadilisha nywila ya wasimamizi, na kwa wiki tatu kazi yangu ikawa kufagia, kuwafungulia wateja mashine na kuchapa barua. Mkewe, ambaye hakuwahi kukaa nasi, alianza kukaa nami wakati wa chakula. Alinimenyea machungwa.

Kuhama kulikuwa palepale, lakini sasa Bakoko aliwauliza watu, jambo moja kwa siku, na akangoja. Waliobishana juu ya rangi wakachagua rangi. Ujumbe wa zamani ukarudi juu. Picha zilikubaliwa. Majina yakabaki hiari ya mwenyewe. Jukwaa jipya lilifunguliwa siku ya Jumatatu, na kundi la Marseille lililoapa kuondoka lilirudi kabla ya Ijumaa, wakisema kwamba huko kwao hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kobazi aliandika kuuliza namna ya kuikuza picha ya timu yake ya mwaka aliooa. Nilisoma yote hayo kama mteja, kutoka kompyuta ya tatu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba watu wale hawakuwa wameogopa mashine wala rangi ya buluu. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokipata pale, alikijua uzito wake, na hakutaka mgeni akihamishe bila kumuuliza pa kukishikia.

Wiki ya pili, kwenye uzi wa chakula, Bomba aliandika ujumbe mrefu kuliko wote aliowahi kuandika. Alitaja jina lake lote. Alieleza foleni, majani ya mlimau, siku ile na mlango. Hakuomba msamaha. Alimaliza hivi: "Ulibisha na nilikuwa ndani. Sikutaka ulisikie hili kwa mtu mwingine." Nilipousoma nilijua mtu mwingine ni nani. Bakoko aliusoma akiwa amesimama nyuma yangu, mkono juu ya kiti changu. Jukwaa zima halikuongea. Watu waliingia, mashine ilionyesha kwamba wameingia, wakatoka bila kuacha neno. Siku kumi na moja zilipita hivyo, na Achari hakuandika popote.

Siku ya kumi na mbili simu ya saiba ililia, nikapokea. Sauti ya mwanamke iliuliza kwa Kikomoro, "Wewe ndiye yule binti mwenye jukwaa la buluu?"

"Ndimi, mama."

"Mimi ni Achari. Wewe ndiye uliyemsukuma aseme?"

"Nilikwenda nyumbani kwake. Sikumwambia aseme. Lakini nilikwenda."

"Kutafuta nini?"

"Nilitaka kumjua."

Nilisikia sufuria ikigongwa na mtoto akiambiwa atoke nje. "Mimi sikutaka," alisema. "Nilikuwa na rafiki wa kuzungumza naye chakula. Sasa sina. Ulijua unaniondolea nini?"

"Hapana, mama. Naomba radhi."

"Radhi yako iache hapo nitakuja kuiangalia siku nyingine. Sasa nifungulie uzi mpya. Uite kwa jina la foleni ya maji ya Mangarivotra. Mdogo wangu awe wa kwanza. Tena kwa jina lake kamili, usilifupishe." Alinitajia herufi baada ya herufi, kama yule mama aliyemwandikia mwanawe Marseille, nami niliandika juu ya kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Bakoko alinirudishia nywila siku hiyo hiyo bila kusema anairudisha. Aliiandika tu kwenye kipande cha boksi na kukiweka karibu na kikombe changu.

Kutoka hapo, kila asubuhi, Achari aliandika jina moja la mtu wa foleni ile. Jina, la baba, na nukta. Siku ya nne, chini ya jina la mwanamke fulani, Justin aliandika: "Alikuwa wa tatu kila asubuhi. Ndoo ya bati, mpini umefungwa kitambaa chekundu." Nilisubiri Achari amfukuze. Kesho yake aliandika jina jingine, hakumtaja. Alasiri Justin akaongeza: huyu aliimba, huyu alikuwa na mimba mwaka ule, huyu alimpa nafasi bibi aliyechelewa. Ikaendelea hivyo miezi mitatu, hadi mwisho wa mwaka wangu pale. Achari hakumwandikia neno hata moja, na hakuwahi kurudi kwenye uzi wa chakula. Lakini siku Justin alipougua na asiandike, Achari hakuongeza jina. Alingoja siku tano, na Justin aliporudi, naye akaendelea.

Nilimuuliza Bakoko kama huko ndiko kusamehe. Tulikuwa tunafunga madirisha, nakumbuka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Alisema hajui, na kwamba akiwa posta aliwahi kuona watu wawili wakiandikiana miaka mingi na hakujua vilevile. Nilitaka kumuuliza zaidi. Niliacha, na kuacha kule kulinigharimu, maana sikuwa nimekuzoea.

Asubuhi iliyofuata ulikuwepo ujumbe wa yule mama aliyeapa kwamba akilazimishwa kutaja jina lake ataondoka. Alikuwa ameweka jina lake lote, na la mumewe marehemu, na swali moja: "Na sisi wa mtaa wa nyuma, ambao hatukuwa na bomba, tuandike wapi?" Nilikwenda nikafungua uzi mwingine.